Ngoma ya Ng'ambo

Wako wazee ambao, wakisikia kwamba kijana amefunga mkoba siku ya Alhamisi kwenda mji wa mbali kusikiliza ngoma, hutikisa vichwa wakasema kuwa kijana huyo amekwisha kupotea. Kwao ngoma na upotevu ni ndugu wa tumbo moja. Msomaji, huenda nawe umepata kuambiwa maneno hayo, ukanyamaza kwa adabu huku moyo wako ukinung'unika. Sikukuita hapa tuwatukane wazee. Wameona mengi. Wameona vijana waliotoka nyumbani na fedha za karo wakarudi na macho mekundu na mifuko mitupu. Walakini hoja yao ina ufa. Kila mwaka wanafunzi hupangwa mistari miwili na kupelekwa Ngome ya Yesu, wakaonyeshwa kuta ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka wa 1593, na hapana mzee asemaye kuwa watoto hao wamepotea. Ikiwa mawe ya wageni waliotutawala kwa mzinga ni somo, sauti za babu zetu wenyewe zimekosa nini hata zisiwe somo?

Hayo yatosha juu ya wazee. Ugomvi wangu wa leo si nao. Ugomvi wangu ni na kijana mwenzangu asafiriye kwenda kusikiliza, akarudi asiwe amesikia. Na kwa kuwa haki huanzia nyumbani, nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe.

Tulikuwa watatu, sote watu wa ng'ambo. Kwa msomaji wa mbali yafaa nilieleze neno hili. Mombasa ni kisiwa, na bara imekizunguka. Kusini ni Likoni, ambako kutoka kisiwani huvukwa kwa feri. Kaskazini ni Kisauni, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Na magharibi, ukipita Makupa, ni Changamwe, penye kiwanja cha ndege na barabara ya kwendea Nairobi. Mtu wa kisiwani akisema "mjini" hutaja kwao. Akisema "ng'ambo" hutaja kwetu. Ndani ya neno hilo mna dharau ndogo, ndogo kama chembe ya mchanga katika wali: haijazi kinywa, lakini jino hujua kuwa imo. Mimi ni wa Likoni. Wenzangu, mmoja alikuwa wa Kisauni na mmoja wa Changamwe. Tulisoma pamoja, na baada ya kumaliza shule tuliweka fedha kidogo kidogo mwaka mzima kwa ajili ya jambo moja tu: kwenda Unguja mwezi wa Februari, kwenye tamasha la muziki liitwalo Sauti za Busara.

Tamasha hilo lilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2004. Makao yake ni Ngome Kongwe, ile ngome ya Waarabu iliyo kando ya bustani ya Forodhani. Kwa siku kadhaa wapigaji kutoka pande nyingi za Afrika hupanda jukwaani, na sharti lao ni kwamba kila mtu apige na kuimba papo hapo, mbele ya watu, pasipo kuweka kanda akachezesha midomo. Wageni hutoka Ulaya na Marekani. Wenyeji nao hufunguliwa mlango kwa kiingilio kilicho rahisi kuliko cha wageni. Sisi tulikuwa tumelisikia tangu utotoni. Katika mitaa yetu, aliyekwisha kwenda Sauti za Busara alitazamwa kama mtu aliyekwisha kuhiji.

Basi tulikutana Likoni, maana njia ya kusini huanzia kwetu. Rafiki wa Changamwe na wa Kisauni walivuka pamoja kwa feri, wamesimama katikati ya umati wa watu wa miguu ambao huvushwa bure kila siku, na mikoba yao wameiweka juu ya vichwa kama wachuuzi. Tulipanda basi la usiku. Tukapita Lungalunga na Horohoro, tukapigiwa mihuri, tukapita Tanga tumelala, na kulipokucha tukawa twaelekea Dar es Salaam, na kutoka huko tukavuka bahari kwa boti. Sitakuchosha kwa habari za njiani. Yatosha kusema kuwa tulicheka sana, tulikula mihogo mingi ya kukaanga, na kwamba rafiki yangu wa Kisauni, mtoto wa bahari, alitapika tangu bandari moja mpaka ya pili.

Mji Mkongwe siku hizo ulikuwa umefurika. Vichochoro vyake, ambavyo hata siku ya kawaida watu wawili hupishana kwa kubanana mabega, vilikuwa kama mifereji iliyojaa maji ya mvua. Kila baraza lilikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na neno. Usiku ngome iliwaka taa. Ngoma zilitikisa kuta hata ukauhisi mdundo katika nyayo kabla haujafika sikioni. Nakiri kwamba nilifurahi, wala sioni haya kukiri. Raha halali haihitaji kuombewa radhi. Anayekuambia kwamba yeye hujifunza katika tamasha pasipo kufurahi anakudanganya.

Lakini sasa sikiliza tulivyofanya. Rafiki yangu wa Changamwe aliinua simu yake juu usiku wa kwanza, akawa haishushi ila kwa kuitia umeme. Mimi na yule wa Kisauni tulimfuata. Tulikuwa mbele ya wapigaji waliosafiri maelfu ya maili kutuimbia, nasi tukiwatazama ndani ya kioo kilicho kidogo kuliko kiganja. Tuliporudi nyumbani tuliketi kuangalia tulichokiteka. Tulisikia nini? Tulisikia sauti zetu wenyewe, kubwa, karibu, zikiulizana kama picha yaonekana vizuri. Muziki ulikuwa nyuma huko, kama redio ya jirani. Msomaji, tulilipa nauli ya nchi mbili na bahari moja ili tujisikilize wenyewe tukiulizana juu ya picha.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuja Jumamosi alasiri.

Kulikuwa na maandamano ya ngoma barabarani, ambayo hayana kiingilio, na mbele yalitangulia kundi la beni: tarumbeta, matari, ngoma kubwa ya kubebwa kifuani, na watu wanacheza kwa madaha na vichekesho kana kwamba ni askari walioamua kuidhihaki kazi yao. Tulishangilia mpaka koo zikakauka. Kando yetu alisimama mzee mmoja wa Unguja, kanzu na kofia, ambaye baadaye tulipata kujua kuwa ujanani alipiga fidla. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wapi kwenu?"

"Mombasa."

"Mombasa ipi?"

"Likoni, mzee. Ng'ambo."

Alitabasamu kwa neno lile. "Sisi nasi tuna Ng'ambo yetu," akasema, akaelekeza mkono wake nyuma ya mji, upande wa Michenzani. Kisha akauelekeza kwa wale wenye tarumbeta. "Hii nayo ilitoka kwenu, mwajua? Huko kwenu yapigwaje siku hizi?"

Sikuwa na jibu. Niliwatazama wenzangu. Wa Kisauni aliitazama ardhi, na wa Changamwe, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, aliishusha simu yake. Yule mzee aliona aibu yetu, akatuokoa kwa kubadili mazungumzo, maana watu wa pwani wana huruma ya namna hiyo. Lakini swali lilinifuata mpaka kwenye boti, likanifuata Tanga, likavuka mpaka pamoja nami wala halikupigiwa muhuri.

Alisema kweli. Nilipofika nyumbani nilisoma. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka wa 1975 juu ya ngoma za Afrika ya Mashariki, ameeleza kwamba beni ilizaliwa katika miji ya pwani yetu, Mombasa na Lamu ikiwa miongoni mwake, katika miaka ya 1890 na kitu, watu walipozigeuza bendi za kijeshi za Wazungu zikawa mashindano yao wenyewe. Mombasa ilikuwa na vyama vya Kingi na Skochi, vikishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kukejeliana. Kutoka kwetu beni ilienea pwani yote, ikaingia bara, ikachukuliwa na askari wa vita vya mwaka wa 1914 mpaka 1918. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, na Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka wa 1979 juu ya wanawake Waislamu wa mji huu, amesimulia jinsi walivyoshindana kwa gharama kubwa. Sikusudii kusifu gharama zile. Najua leo wako watakaosema kwamba ule ulikuwa ufujaji, na labda ulikuwa. Lakini fikiri: hapo zamani mtu wa Mombasa alitumia fedha yake kupiga ngoma, leo kijana wa Mombasa hutumia fedha yake kwenda kushangilia ngoma hiyo hiyo katika mji wa mwenzake, asijue hata kwamba ilikuwa yake. Ni yupi kati ya hao wawili aliye mfujaji?

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Vijana wa ng'ambo tumejifunza kuamini kwamba muziki ni kitu cha mahali pengine. Unguja kuna muziki, Nairobi kuna muziki, Lagos kuna muziki. Likoni kuna feri, Changamwe kuna malori, Kisauni kuna vumbi. Maneno haya ni uongo, na ubaya wake ni kwamba tumejidanganya wenyewe bila kulazimishwa na mtu.

Utaniambia: lakini Unguja ni mji wa tamasha, nasi hatuna tamasha la namna ile, utajirishaje sikio mahali pasipo jukwaa? Swali lako ni zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mji hauwi wa muziki kwa sababu umepewa tamasha. Tamasha huja mahali ambapo tayari wako watu wapigao siku za kawaida, wakati hapana mgeni wala taa. Ushahidi upo. Mwaka wa 2016 Sauti za Busara halikufanyika, kwa sababu fedha za kuliendesha zilikosekana. Likarudi mwaka uliofuata. Je, mwaka ule Unguja iligeuka bubu? Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa mwaka wa 1905, kilikuwa kimekwisha kuishi miaka 99 kabla ya tamasha hilo kuzaliwa, na hakikufa lilipokosekana. Chuo cha muziki cha Mji Mkongwe kilifunguliwa mwaka wa 2002, miaka miwili kabla ya tamasha la kwanza, ili watoto wakae chini ya walimu wakajifunze udi, kanuni na fidla. Mti ulikuwapo, tamasha ni tunda. Sisi twataka kula tunda, na mche wetu twaufungia mbuzi.

Tena lile neno la Ng'ambo halikunitoka. Taarabu ya Unguja ilianza katika jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Ikiwa leo kila mtu wa pwani huiita yake, sababu mojawapo ni mwanamke aliyezaliwa Fumba, mtoto wa watu maskini, aliyefika mjini na kuishi Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari ulioutenga mtaa huo na nyumba za mawe. Jina lake Siti binti Saad. Aliimba kwa Kiswahili, na mwaka wa 1928 alisafiri mpaka Bombay sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu kizima. Basi sauti iliyoishinda fahari ya jumba ilitoka Ng'ambo. Watu wa Likoni na Kisauni tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, nasi tumekuwa wa mwisho.

Wala usidhani kwamba Mombasa ilikuwa tasa. Katika miaka ya 1950 kituo cha redio cha Sauti ya Mvita kilipeleka nyimbo za mji huu hewani. Duka la Assanand lilitoa sahani za santuri zilizobeba sauti za waimbaji wetu. Mombasa ilikichukua kinanda cha Kijapani, taishokoto, kikafundishwa kusema Kiswahili katika arusi zetu. Mama aitwaye Zuhura Swaleh alijulikana nacho pwani nzima. Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka wa 1942, alizichukua tuni za sinema za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili yenye mafumbo ya kukesha nayo, na baadhi ya mashairi hayo yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, yule yule wa Malenga wa Mvita ambaye huenda umemsoma darasani. Zein l'Abdin, mtu wa Lamu aliyefanya Mombasa kuwa makao yake, alipiga udi kwa namna ambayo waliomsikia hunyamaza kwanza kabla ya kumweleza. Mwaka wa 1972 vijana wa hapa pwani waliunda bendi ya Them Mushrooms, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wimbo wao wa kumwamkia mgeni ulitoka katika hoteli zetu za ufukweni ukazunguka dunia. Leo huimbwa na watu wasioijua Kenya iko upande gani.

Juma Bhalo alifariki mwaka wa 2014. Zein l'Abdin alifariki mwaka wa 2016. Mimi nilikuwa hai, nilikuwa na masikio mawili na nauli ya feri sikudaiwa, na sikupata kwenda hata mara moja kumsikiliza mmojawapo. Lakini Unguja nilikwenda.

Kuna kijana atakayesema, na nimemsikia akisema, kwamba ngoma za nyumbani ni ushamba. Neno hili nalichukia kuliko yote. Wadigo wa Likoni wana sengenya, yenye ngoma kadhaa zinazojibizana, upatu, na nzumari inayolia juu yake kama mtu aliaye na kucheka kwa pamoja. Wagiriama na ndugu zao waliojaa Kisauni wana ngoma zao. Mila za Wamijikenda zinazohusiana na kaya ziliingizwa na UNESCO mwaka wa 2009 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Haraka! Ulimwengu mzima umeambiwa kwamba kitu kilicho nyuma ya nyumba yetu kinazama, na sisi tuliokaa ufukweni twauliza kiingilio cha tamasha la mwakani ni shilingi ngapi. Changamwe nako, ambako reli, bandari na viwanda vilikusanya watu wa kila kabila la Kenya, mtu hahitaji kupanda basi ili asikie Afrika. Yatosha kufungua dirisha Jumamosi jioni. Lakini rafiki yangu wa Changamwe hulifunga dirisha hilo, akavaa visikilizio masikioni, akasikiliza tamasha la Unguja alilolirekodi.

Mwingine atasema, "Sisi shuleni twacheza ngoma hizo kila mwaka katika mashindano." Nami nafurahi. Mashindano ya muziki ya Kenya yana umri mkubwa. Yalianza mwaka wa 1927, na yamewakutanisha watoto wa nchi hii kuliko mikutano mingi ya wakubwa. Lakini hebu tusemezane ukweli, kama watu waliokaa darasa moja. Mwezi mmoja kabla ya mashindano tunafundishwa sengenya au ngoma ya Kigiriama. Tunavaa hando. Tunajifunza kutabasamu mbele ya waamuzi, kuingia kwa mpango na kutoka kwa mpango, na kuikata ngoma ya usiku kucha ikawa ya dakika chache. Tukishinda, kikombe huwekwa katika kabati la mwalimu mkuu. Tukishindwa, tunamlaumu mwamuzi. Kisha hando hutiwa ndani ya gunia, gunia likatiwa ghalani, na panya huanza mazoezi yao. Je, kuna mwanafunzi mmoja kati yetu aliyewahi kumtafuta baadaye yule mzee aliyeletwa kutufunza, akamwuliza wimbo ule una maana gani, na kwa nini huimbwa alfajiri wala hauimbwi jioni? Mimi nilicheza sengenya kidato cha pili. Najua hatua zake kumi na mbili. Sijui neno hata moja la wimbo wake, ingawa uliimbwa kwa Kidigo, lugha ya jirani zangu.

Liko na shauri la fedha, ambalo si dogo kwa watu wa mitaa yetu. Nauli, malazi, chakula na kiingilio chetu sisi watatu, ukivijumlisha, vingetosha kuwaalika wapigaji wa mtaani kwetu jioni kadhaa, wakala, wakapiga, wakaondoka na kitu mkononi. Sisemi tusisafiri. Nimekwisha kukuambia kwamba sioni haya kwa furaha niliyoipata, na laiti nisingalikwenda Unguja nisingaliulizwa lile swali. Wala simlaumu mwandalizi wa tamasha. Yeye amefanya kazi yake, na amewapa wapigaji wengi wa Afrika jukwaa ambalo nchi zao hazikuwapa. Nalaumu ugeni wetu. Mtu aendaye arusini kwa jirani hubeba kitu, japo kanga moja ya kumtunza bibi arusi. Sisi tulikwenda mikono mitupu. Mpigaji wa Unguja alitupa chake; alipotuuliza chetu ni kipi, tulikuwa na simu tatu.

Wiki mbili baada ya kurudi nilikwenda Mtongwe, upande wetu wa Likoni, kwa mzee mmoja niliyemjua tangu utoto. Nilipokuwa mdogo alikuwa akipiga nzumari katika sengenya za arusi, nasi watoto tulimfuata nyuma tukiiga mashavu yake yaliyofura. Nilimkuta ameketi upenuni, anachambua mboga na mjukuu wake. Nikamwamkia, nikaeleza safari yetu yote, sikuficha hata ile aibu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mlikaa siku ngapi huko Unguja?" akauliza.

"Tatu, babu."

"Ngoma zao nzuri?"

"Nzuri sana."

"Alhamdulillahi," akasema, bila kinyongo, akaendelea kuchambua. Baadaye akamtuma mjukuu wake ndani, na mtoto akatoka na nzumari imefungwa katika kitambaa cha kanga ya zamani. Mzee aliifungua, akanionyesha kwamba ulimi wake, yaani kile kipande cha jani kikavu kitiwacho mdomoni, umepasuka. Alisema umepasuka siku nyingi, na kwamba kuukata mwingine si kazi ngumu, ila wataka macho, na macho yake sasa hayamwonyeshi ncha ya kisu. Nilimwuliza nani mwingine hapa Mtongwe ajuaye kuukata. Aliwataja watu wawili. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa.

"Njoo Jumamosi," akaniambia. "Njoo na wembe mpya. Mimi nitasema, wewe utakata."

Nilikwenda. Niliharibu majani tisa kwa asubuhi moja, na la kumi likatoa sauti kama ya bata aliyekanyagwa. Yule mjukuu alicheka mpaka akalia. Jumamosi ya pili rafiki yangu wa Changamwe alivuka feri akaja, na simu yake akaiacha mfukoni, ila pale mzee alipoanza kusema maneno ya wimbo. Hapo aliitoa, akaiweka chini mkekani, akarekodi sauti bila picha. Rafiki yangu wa Kisauni alisema ana shughuli. Mpaka leo anazo, na mwezi wa Februari ukikaribia hunipigia simu kuniuliza kama nimekwisha kuweka fedha ya boti.

Ulimi wa nne nilioukata ulipiga. Mzee aliutia mdomoni, akavuta pumzi, na nyumba tatu za jirani zikafungua milango. Bado twaenda kila Jumamosi, baada ya saa kumi, jua likipungua. Mkeka ni mpana, na wembe nitakuletea mimi.